“Inaingia Hiyo”: Mota Ndogo ya AC na Gharama ya Kubahatisha

Nyuma ya dashibodi ya gari lenye AC inayojirekebisha yenyewe kuna mota ndogo ya plastiki inayoenea kiganjani. Kazi yake ni moja: kusogeza kilango kinachoamua hewa iende upande wa baridi, upande wa joto, au kidogo huku na kidogo kule. Ikifa, AC haimsikilizi tena dereva. Hapo huanza safari ya kutafuta nyingine, na mara nyingi safari hiyo huishia kwenye kaunta ya duka la spea kwa maneno mawili ya muuzaji: “Inaingia hiyo.”

Maneno hayo husikika Ilala na Gerezani jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala. Husemwa kwa nia njema, na mara nyingine huwa kweli. Lakini kuingia si kuoana. Mota inaweza kukaa kwenye skrubu zake barabara, plagi ikashika, na bado kilango kikagoma au kikaenda kinyume. Kipuri cha aina hii hakitambuliwi kwa jina la gari wala kwa kukitazama umbo. Hutambuliwa kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwake, na shilingi yoyote inayotoka kabla ya namba hiyo kusomwa ni shilingi ya kamari.

Kilango kati ya baridi na joto

Hewa inayosukumwa na feni ya gari hupita kwanza kwenye evaporeta, ambako hupozwa na kukaushwa. Mbele yake ipo rejeta ndogo ya hita, inayopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini. Kati ya viwili hivyo ndipo kilango kilipo. Kikiziba njia ya hita, abiria hupata baridi tupu. Kikifunguka chote, hupata joto. Nyuzi 22 au 24 anazochagua dereva hupatikana kwa kilango kusimama mahali fulani katikati.

Magari mengi ya bei nafuu yenye vitasa vya kuzungusha husogeza kilango hicho kwa waya wa chuma, kama breki ya baiskeli. Gari lenye AC ya kujirekebisha hutumia mota, tena si moja. Kwa kawaida kuna ya kuchanganya baridi na joto, ya kuelekeza hewa usoni, miguuni au kwenye kioo cha mbele, na ya kuchagua hewa ya nje au ya ndani. Gari linalomruhusu dereva na abiria kuchagua nyuzi tofauti huwa na mota mbili za kuchanganya, moja kwa kila upande. Kwa hiyo anayefika dukani akaomba “mota ya AC ya Mark X” hana tofauti na anayeingia duka la dawa akaomba dawa ya homa. Homa ipi?

Ndani ya kasha la mota kuna mashine ndogo ya umeme, mlolongo wa gia za plastiki na, katika aina nyingi, sensa inayoiambia kompyuta ya AC kilango kimefika wapi. Sehemu hizo tatu ndizo pia njia tatu za kufa. Mashine huungua au brashi zake huisha. Gia hukatika meno. Njia ya sensa hulika ikatoa taarifa za uongo. Gia iliyokatika ina mlio wake: tiki, tiki, tiki nyuma ya dashibodi kila gari linapowashwa au nyuzi zinapobadilishwa.

Ugonjwa unaotibiwa kwa gesi

Hasara ya kwanza huja kabla hata duka la spea halijafikiwa. Gari linatoa hewa ya moto mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, mwenye gari analipeleka kwa fundi, na jibu analopewa mara nyingi ni kwamba gesi imepungua. Gesi inajazwa na pesa inalipwa. Wiki haijaisha, joto limerudi, kwa sababu halikuwahi kusababishwa na gesi. Kilango kimekwama upande wa hita, na baridi yote inayotengenezwa na kompresa inapashwa moto tena kabla ya kumfikia abiria.

Mfumo wa AC uliofungwa vizuri hauli gesi kama injini inavyokula mafuta. Ikipungua sana, kuna panapovuja, na kujaza bila kutafuta uvujaji ni kumwagia maji mtungi uliotoboka. Kipo kipimo kisichohitaji mashine. Injini ikiwa inanguruma na AC imewashwa, bomba nene la aluminiamu linalorudi kwenye kompresa huguswa kwa uangalifu, mbali na mikanda na feni. Likiwa la baridi na linatoa jasho huku hewa ya ndani ni ya moto, kuna kila sababu ya kumtilia shaka mlinda kilango kabla ya gesi.

Kipimo cha pili ni kuziba kwa muda mpira unaopeleka maji ya moto kwenye hita. Baridi ikirudi, mkosaji amejulikana. Wapo mafundi wanaogeuza kipimo hiki kuwa tiba: wanafunga mipira ya hita moja kwa moja na kumrudishia mteja gari lake. Pwani njia hiyo hupita. Lakini gari likipanda Njombe au Limuru alfajiri ya mwezi wa Julai, abiria watatetemeka na dereva atakuwa amekosa hewa ya moto ya kufuta ukungu kwenye kioo cha mbele. Hapo tatizo la starehe limegeuka tatizo la usalama.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 huutaja ugonjwa wake zenyewe. Kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani hubonyezwa kwa pamoja huku swichi ikiwashwa. Taa za paneli humeremeta, kisha namba za kasoro hujitokeza. Kwa kawaida 31 na 41 huelekeza kwenye kilango cha kuchanganya hewa, moja ikihusu sensa yake na nyingine mota yenyewe. Namba 21 ni ya sensa ya jua, na hujitokeza hata kwenye gari zima likipimwa chini ya paa au kivulini. Asiyejua hilo atanunua sensa isiyo na kosa. Kipimo hiki huchukua dakika chache na hakigharimu kitu, ilhali gesi hulipiwa kila inapojazwa. Ni kipi kilistahili kutangulia?

Jina moja, matumbo tofauti

Magari mengi ya Afrika Mashariki huja yakiwa yameshatumika, hasa kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye miaka 15 na zaidi. Gari hilo likifika hutumika mwongo mwingine au zaidi, chini ya jua linaloigeuza dashibodi kuwa tanuri. Plastiki za ndani hukauka, na mota zilizofanya kazi kimya Osaka huanza kulia Tabata. Wakati huo maduka ya spea mpya ya kampuni huwa hayana tena kipuri rafuni, na macho yote hugeukia spea zilizotumika.

Kwenye soko hilo jina la gari ni mwongozo hafifu. Premio ya msimbo wa 240 na ya 260 zinaitwa Premio zote mbili, lakini ni vizazi viwili tofauti. Corolla ya NZE121 si ya NZE141. Hata magari mawili ya msimbo mmoja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana, moja likiwa na AC ya vitasa na jingine ya kujirekebisha. Zaidi ya hapo, kiwanda hubadilisha vipuri katikati ya maisha ya modeli, hivyo mwezi wa kutengenezwa huwa na uzito zaidi kuliko mwaka ulioandikwa kwenye kadi.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapo ndipo penye nafuu. Harrier ya kizazi cha kwanza na cha pili iliuzwa nje ya Japani kama Lexus RX, na Altezza iliitwa Lexus IS. Kipuri kimoja kinaweza kukaa katika magari yenye majina mawili au matano. Anayetafuta kwa jina hupita mbele ya mota anayoihitaji bila kuijua, kwa kuwa imetundikwa upande wa gari jingine.

Usukani nao una neno. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto kama Japani, lakini Falme za Kiarabu huendesha kulia. Wafanyabiashara wengi wa spea hununua mzigo wao Sharjah, kwenye maeneo ya viwanda yaliyojaa magari yaliyokatwakatwa. Injini iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto inaweza kufaa bila shida. Dashibodi ni habari nyingine, kwa sababu sanduku la hewa la gari hilo linaweza kuwa limegeuzwa kama sura kwenye kioo. Mota yake inaweza kuwa ileile, au ikawa pacha anayezungukia upande wa pili. Macho hayawezi kuamua.

Waya tano zisizosema lugha moja

Baada ya jina, kinachoaminiwa sana ni plagi. “Waya tano kwa waya tano, shida iko wapi?” Shida iko kwenye kazi ya kila waya.

Aina iliyoenea ina waya tano: mbili za kuzungusha mota, ambazo umeme wake ukigeuzwa nayo hugeuka, na tatu za sensa, yaani volti 5, ardhi, na waya unaorudisha taarifa ya mahali kilango kilipo. Aina nyingine ina waya mbili tu, na kompyuta ya AC hukisia nafasi ya kilango kwa kusoma mwenendo wa umeme wa mota yenyewe. Aina ya tatu ni mota inayokwenda kwa hatua, ambayo koili zake huwashwa moja baada ya nyingine. Hii nayo huweza kuwa na waya tano, lakini haina undugu na ile ya kwanza. Ya nne hupatikana katika magari mengi mapya ya Ulaya: ndani ya kasha mna kijikompyuta, amri hupita kwenye waya mmoja kama ujumbe wa simu, na mota isiyotambuliwa na gari hukaa kimya hata ikiwa mpya kabisa. Baadhi ya Toyota za katikati ya miaka ya 2000 na kuendelea zina mtindo wao, ambapo plagi yenyewe imebeba kifaa cha mawasiliano, na kuikata ili kuunganisha waya kwa mkono ni kuua mlolongo mzima.

Umbo nalo hudanganya. Mhimili unaotoka kwenye mota unaweza kuwa wa duara lililokatwa upande mmoja au wenye meno. Mkono wake unaweza kuelekea juu au chini. Na pembe ambayo mota moja huizunguka inaweza kuwa pungufu kidogo ya ile inayohitajika. Upungufu huo mdogo ndio unaoacha mwanya kwa hita, na AC hutoa baridi isiyokata kiu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kipuri kilichotumika nacho hakikosi alama. Mota nyingi za Toyota zimetengenezwa na Denso, kampuni iliyojitenga na Toyota mwaka 1949 kwa jina la Nippondenso, na mgongoni mwa mota hizo mara nyingi huwa na namba ya Denso. Toyota nayo ina yake, ya tarakimu kumi zilizogawanywa tano kwa tano. Tano za mwanzo hutaja aina ya kipuri, na kwa mota za vilango vya hewa ni 87106. Tano za mwisho hutofautisha mota moja na nyingine. Hivyo mota mbili zinazoanza na 87106 ni za ukoo mmoja, lakini mume wa dada si mume wa mdogo wake: tarakimu za mwisho zisipolingana, ndoa haijafungwa.

Utafutaji wenye mpangilio huanza kwa kuifungua mota iliyokufa, kuifuta vumbi na kuipiga picha pande zote: lebo, plagi, mhimili na matundu ya skrubu. Mahali ilipokuwa huandikwa pia, kushoto au kulia, juu au chini. Lebo ikiwa imefutika, namba ya chesisi ndiyo njia ya pili. Magari yaliyouzwa Japani yana kibao chenye msimbo wa modeli na namba ya fremu, na katalogi ya kiwanda ikilishwa namba hiyo hutaja kipuri chenyewe, tarehe kilipoanza kutumika na tarehe kilipoachwa. Duka lenye katalogi hiyo linaweza kutoa namba hata kama halina mota ya kuuza.

Namba isiyopatikana sokoni si lazima iwe imekufa. Viwanda hubadilisha namba: ya zamani hustaafishwa na mpya hurithi kazi yake. Katalogi huonyesha urithi huo, na mara nyingine mrithi ni rahisi kupata kuliko marehemu. Katalogi pia huorodhesha magari mengine yanayotumia namba ileile. Mwenye orodha hiyo haulizi tena kama kuna mota ya Harrier. Anauliza kama kuna 87106 yenye tarakimu tano fulani za mwisho, na muuzaji analazimika kugeuza kipuri na kusoma. Kuuliza kumebadilika, na jibu nalo litabadilika.

Kupima kabla ya kufunga

Mota ikipatikana, haraka bado haina baraka. Jambo la kwanza ni kilango chenyewe. Mhimili wake husogezwa kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa mgumu, huenda sponji ya pembeni imeoza ikajikunja, au kipande cha plastiki kimevunjika kikaziba njia. Kilango kilichokwama ndicho kilichovunja gia za mota ya kwanza, na kitazivunja za mota ya pili bila kujali ilinunuliwa wapi.

Jambo la pili ni kuchomeka plagi kabla ya kufunga skrubu. Nyuzi zikipandishwa kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, mhimili unatakiwa kuzunguka taratibu, kusimama, na kurudi unapoamriwa. Usiosimama, unaotetemeka au unaokwenda kinyume umekwishajibu swali. Kupima kwa betri moja kwa moja kunaifaa mota ya kawaida tu, tena kwenye waya zake mbili za nguvu. Volti 12 zikiingia kwenye sensa au kwenye kijikompyuta, mota nzima huwa takataka.

Jambo la tatu ni usalama. Kazi ya nyuma ya dashibodi hupita jirani na mifuko ya hewa ya ajali, na waya zake hazifai kuguswa betri ikiwa imeungwa. Maelekezo ya Toyota hutaka kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa betri. Mwisho, magari kadhaa huhitaji kompyuta ya AC ijifunze upya mwanzo na mwisho wa kila kilango, ama yenyewe baada ya umeme kurudi, ama kwa amri ya mashine ya kupimia. Mota nzima imewahi kurudishwa dukani kwa kosa la kutofundishwa.

Ikiwa namba haipatikani popote, ukarabati ni njia halali. Mota mbili zilizokufa za namba moja zinaweza kuzaa moja iliyo hai: gia za hii, sensa ya ile. Gundi ya papo kwa papo haishiki jino la gia kwa muda mrefu, kwa kuwa jino moja hubeba nguvu yote linapopita.

Nani abebe gharama ya kubahatisha?

Kwa kipuri hiki, gharama kubwa si bei ya kununulia. Mota iliyo karibu na miguu ya abiria hutolewa kwa bisibisi na subira kidogo. Iliyo nyuma ya sanduku la hewa hudai dashibodi ishushwe, na hiyo ni kazi ya siku nzima. Mota isiyooana humaanisha siku hiyo kulipwa mara mbili. Dereva wa teksi hupoteza siku mbili za hesabu. Familia iliyotenga pesa za gereji hulazimika kugusa za ada. Muuzaji naye hana cha kupoteza, maana risiti yake imeshatangaza kwamba mali ikiuzwa hairudishwi.

Mpango huo unaweza kunyooshwa bila kusubiri sheria. Namba ya kipuri iandikwe kwenye risiti, sambamba na bei. Iliyouzwa ikiwa na namba tofauti na iliyoombwa, irudi. Iliyoombwa kimakosa, mnunuzi abebe mwenyewe. Fundi anayemtuma mteja dukani amkabidhi namba, si jina la gari, na anayekadiria gharama aeleze tangu mwanzo kama dashibodi itashuka au la. Muuzaji anayeandika namba hapungukiwi kitu, kwa kuwa mteja aliyepata kilichooana hurudi kununua kingine, ilhali aliyeingizwa chaka huwaeleza majirani.

Mota ya zamani nayo haistahili kutupwa gereji. Ikifungwa kwenye mfuko na kuwekwa chini ya kiti, gia zake zilizosalia zinaweza kuiokoa nyingine, na lebo yake itakuwepo siku mota ya upande wa pili itakapoanza kulia tiki, tiki, tiki.